Nuru ya Sinema na Giza la Duara

Taharuki ni hali ya moyo uliosimamishwa mlangoni. Anayejua yote hana taharuki, na asiyejua lolote naye hana. Mwenye taharuki ni yule aliyeonyeshwa nusu ya jambo akanyimwa nusu ya pili, naye anafahamu kwamba nusu hiyo ipo na kwamba inakuja. Katika masomo ya fasihi yetu neno hili limezoeleka mno, na kila mwaka wanafunzi hulitumia katika mitihani kana kwamba ni kiungo ambacho mtunzi hukitia hadithini kwa kijiko. Nia yangu ni kulitazama mahali ambapo utendaji wake huonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, yaani katika zile sinema za Marekani na Ulaya za miaka ya 1940 na 1950 ambazo Wafaransa waliziita film noir, sinema nyeusi. Kisha niulize zina neno gani na sisi watu wa Shinyanga na Geita, ambao giza tumelijua kwa njia nyingine.

Jina hilo halikutoka kwa waliozitengeneza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani, na sinema za Marekani hazikuingia. Vita vilipokwisha zikaingia kwa mkupuo, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank, akizitazama kwa pamoja, akaona kwamba hadithi za uhalifu za Wamarekani zilikuwa zimegeuka rangi. Watengenezaji wenyewe walidhani wanafanya hadithi za kawaida za polisi na wahalifu. Kadhaa miongoni mwao, kama Fritz Lang, Billy Wilder na Robert Siodmak, walikuwa wameikimbia Ujerumani ya Hitler, wakaja Marekani na desturi ya kuchora kwa kivuli waliyoizoea huko Berlin. Tena nyingi ya sinema hizi zilikuwa za fedha chache. Chumba kisicho na samani hakionekani kitupu taa zikipunguzwa, na ukuta wa mbao nyepesi haujulikani kuwa wa mbao ukitupiwa kivuli. Nalitaja hili mapema kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ufukara ndio unaoizuia sinema yetu isiwe na ufundi. Ufukara ulikuwa mmoja wa walimu wa ufundi huu.

Mpiga picha wa studio, kwa kawaida, humwangazia mchezaji kwa taa tatu. Ya kwanza ni taa kuu, inayoupa uso umbo lake; ya pili ni taa hafifu ya upande wa pili, ambayo kazi yake ni kulainisha kivuli kilichotupwa na ile ya kwanza; ya tatu huwekwa nyuma, ikamtenga mtu na ukuta. Siri ya sinema nyeusi ni rahisi kuieleza: ile taa ya pili iliondolewa, au ilipunguzwa hata ikawa haifai kitu. Nusu ya uso ikabaki nuruni na nusu ikazama. John Alton, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa bingwa wa kazi hii, alitoa kitabu mwaka 1949 akakiita Painting with Light, maana yake kuchora kwa nuru. Lakini ukizitazama picha zake utaona kwamba alichokichora hasa ni kile alichokataa kukimulika.

Katika Double Indemnity ya Billy Wilder (1944), sebule ya mwanamke anayepanga kumwua mumewe ina madirisha yenye mapazia ya vibao, na jua la California likipenya humo huwaangukia watu kwa mistari, kama nondo za gereza ambalo bado hawajaingia. Mpiga picha John Seitz, akishirikiana na Wilder, alipuliza chembe za alumini hewani ili nuru ionekane imejaa vumbi. Mtu wa Geita hahitaji kuelezwa nuru ya namna hiyo. Aliyeingia mchana katika kibanda cha karasha, mahali mawe ya dhahabu yanapopondwa, ameiona ikipita katika matundu ya mabati, imejaa unga wa mawe, imesimama hewani kama kitu kinachoshikika; na anajua pia kwamba hicho kinachometameta ndicho kinachoharibu mapafu.

Wanafunzi wangu hukimbilia kuandika kwamba giza hutisha, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya sinema hizi kuwa na taharuki. Silikubali jambo hilo. Giza peke yake huleta usingizi. Aliyenifumbua macho, wala hakukusudia, ni marehemu mjomba wangu, ambaye alikuwa mchimbaji mdogo kwa miaka mingi pande za Geita. Siku moja, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimwuliza iwapo hakuliogopa giza la chini ya duara. Akacheka.

"Mjomba, giza lina nini?" akasema. "Cha kuangalia ni taa. Ukiivaa kichwani, kila aliye chini anakuona ulipo, na wewe unaona hatua tatu tu."

Duara, kwa msomaji wa mbali, ni shimo la wima la wachimbaji wadogo. Watu huliteremka kwa kamba; kuta zake hushikizwa kwa magogo yanayoitwa matimba; na kule chini njia nyembamba huchimbwa kulifuata jiwe lenye dhahabu popote linapokwenda. Mahali kama hapo taa ni chombo cha kazi, na papo hapo ni tangazo. Mwenye taa anamtangazia kila mtu kwamba yupo, na macho yake mwenyewe, kwa kuwa yamezoea ule mwanga wake mdogo, hayaoni tena kilicho nje yake.

Nathubutu kusema kwamba sinema nyeusi imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Haiulizi kama mwanga ni mwingi au ni mchache. Huuliza ni nani anaona na ni nani anaonwa. Katika The Third Man ya Carol Reed (1949), iliyopigwa Vienna, mji uliokuwa umevunjwa kwa mabomu, tunasadiki kwa muda mrefu kwamba Harry Lime amekufa na kuzikwa. Usiku mmoja rafiki yake anatambua kuwa kuna mtu amesimama katika mlango ng'ambo ya barabara. Giza limemfunika, viatu tu ndivyo vinavyoonekana, na paka amekaa miguuni pake. Rafiki, amelewa, anampigia kelele. Mwanamke wa ghorofani anakereka, anawasha taa, na nuru ya dirisha lake inaanguka juu ya uso wa Lime. Giza lilikuwa likimhifadhi. Taa, tena taa ya mtu asiyehusika kabisa, ndiyo iliyomtoa kaburini. Mwishoni Lime anawindwa katika mahandaki ya maji machafu chini ya mji. Polisi wana tochi naye hana. Sauti zinamjia kutoka kila kinywa cha handaki, zimegongana na kuta hata asijue ipi ni ya mtu na ipi ni mwangwi. Robert Krasker alipewa tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa sinema hiyo, na kwa maoni yangu aliistahili kwa dakika hizo peke yake. Kila niionyeshapo darasani, wanafunzi waliokulia machimboni huacha kuandika.

Kamera nayo ina namna yake ya kutoa na kunyima. Orson Welles aliifungua Touch of Evil (1958) kwa mikono ya mtu asiyejulikana anayetegesha bomu la saa, analitia katika buti la gari na kukimbia. Bwana mmoja na mwanamke wanaingia garini, wasijue kitu. Kamera, imebebwa na mkono wa kreni, inapanda juu ya mapaa, inashuka, inalifuata gari, inalipoteza, inakutana nalo tena mpakani mwa Meksiko na Marekani, kwa muda wa dakika tatu na ushei bila kukatwa hata mara moja. Watu wanavuka barabara. Mbuzi wanaziba njia. Yule mwanamke analalamika kwamba anasikia mlio kama wa saa kichwani mwake, wala hapana anayemjali. Mji umejaa taa za baa na madirisha. Giza hapa halina sehemu kubwa. Kinachotubana kifua ni kwamba tunajua, na hatuna wa kumwambia, na kamera haitaki kukata. Mahali pa kukata pangekuwa mahali pa kuvuta pumzi.

Kuhusu sauti, mfano ulio bora bado ni ule wa zamani kuliko yote, M ya Fritz Lang (1931), ambayo ni mzazi wa sinema nyeusi kabla hazijapata jina. Mwuaji wa watoto ana mazoea ya kupiga mluzi kipande cha muziki wa Grieg. Tunaujua mluzi kabla hatujaujua uso, na tangu hapo kila unaposikika, hata kama mbele yetu ni barabara tupu, moyo hushtuka. Anayemtambua mwisho ni kipofu muuza maputo, maana yeye hakuwa na macho ya kudanganywa. Sauti haina ukingo kama picha: picha hukoma penye fremu, lakini sauti hutoka nyuma ya fremu, kutoka mahali tusipoweza kupageukia. Faraji Katalambulla alilijua jambo hili kwa njia ya maandishi. Alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965 aliiweka sauti isiyo na uso katika jina lenyewe la kitabu.

Kinyume cha hayo ni The Big Combo ya Joseph H. Lewis (1955), ambayo Alton ndiye aliyeipiga. Humo mna mhalifu mmoja wa makamo asiyesikia vizuri, anayetumia chombo cha kusikilizia. Anapogeukwa na wenzake, mkubwa wao anakichopoa chombo hicho sikioni mwake, ati ni hisani, asije akazisikia risasi. Papo hapo sauti yote ya sinema inakatika. Tunaona midomo ya bunduki ikitema moto kimya kimya, tukiwa tumetiwa ndani ya masikio ya mtu anayekufa. Nimeiona mara nyingi, na kila mara ule ukimya hunipata sijajiandaa.

Inanipasa kueleza kwamba elimu yangu ya kwanza ya mambo haya sikuipata chuoni. Niliipata katika kibanda cha video mjini Kahama, miaka ya mwisho ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Sinema zenyewe hazikuwa hizi ninazozitaja. Zilikuwa za Hong Kong, za Kihindi, na za wanajeshi wa Kimarekani wasiokufa kwa risasi. Televisheni moja ilikaa juu ya kabati, mikanda ilipangwa chini yake, jenereta ikinguruma nje, na kando alikaa mkalimani na kipaza sauti chake. Wachimbaji waliokuwa wameuza dhahabu wiki hiyo walikaa benchi la mbele. Sisi tulisimama nyuma. Mkalimani hakuwa mfasiri wa maneno tu. Steringi alipouendea mlango, yeye alitangulia kutuambia kwamba adui yuko nyuma ya mlango huo, na kwamba steringi, maskini, hajui. Tukapiga kelele kumwonya mtu wa Hong Kong ambaye angeweza kuwa amekwisha kufa zamani. Leo natambua kwamba mkalimani alikuwa akitenda kwa ulimi kile Welles alichokitenda kwa kreni. Wataalamu walioichunguza kazi hii wamemtaja zaidi Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake ilienea nchi nzima kwa mikanda. Huyu wetu wa Kahama hakuandikwa popote. Ukimya ndio pekee hakuweza kuutafsiri. Mchezaji aliponyamaza, yeye alisema, maana alilipwa kwa kusema. Ukimya tuliupata siku mafuta ya jenereta yalipokwisha katikati ya picha, na ule haukuwa wa kisanaa. Watu walidai fedha zao.

Yamkini kasoro kubwa ya sinema zetu za Kitanzania zilizoshamiri baada ya mwaka 2000 imeanzia hapo. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akafariki Dar es Salaam mwaka 2012 akiwa ndiye mchezaji mashuhuri kuliko wote nchini, nami nampenda kwa upendo wa mtu wa kwetu. Uso wake uliweza kunyamaza. Lakini katika nyingi ya sinema za wakati ule kinanda hakinyamazi: kinalia kabla ya habari mbaya, kinalia wakati wake, kinalia baada yake, kama mkalimani aliyeogopa kupoteza mshahara. Sebule imemulikwa kote kote kwa taa nyeupe, hata chini ya meza mnaonekana, na muuaji akiingia humo hana pa kutokea. Nakiri kwamba watu walilia na kucheka, na kazi iliyolisha familia nyingi si ya kudharauliwa. Taharuki, hata hivyo, haikupata kiti.

Sinema iliyochukua ufundi wa giza ikauleta katika khofu ya kwetu ilitengenezwa na mgeni. Ni White Shadow ya Noaz Deshe, iliyozungumzwa kwa Kiswahili na kuonyeshwa Venice mwaka 2013, ikapewa huko tuzo ya sinema ya kwanza ya mtengenezaji. Msomaji atakumbuka kwamba tangu miaka ya 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalienea katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Na wanaotafuta bahati ya dhahabu walitajwa miongoni mwa wanunuzi. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo siku hizo ilikuwa ya Shinyanga na sasa ni ya mkoa wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Shule ya Buhangija, Shinyanga, ikawa kimbilio la watoto waliotolewa vijijini kwao.

Katika sinema hiyo kijana Alias, anayechezwa na Hamisi Bazili, anashuhudia baba yake akiuawa, kisha mama yake anampeleka mjini kwa mjomba. Kamera imeshikwa mkononi, inatikisika, inakaa karibu mno na mwili. Tunapewa bega, jicho, sehemu ya ukuta, pumzi. Hatupewi picha pana ya kutuambia hatari iko upande gani. Lakini ajabu yake kubwa ni kwamba imeigeuza ile hesabu ya nuru. Kwa Alias adui ni mchana. Jua huichoma ngozi yake, na ngozi hiyo, kwa kuwa hurudisha kila chembe ya mwanga, humtangaza mbali kama taa ya mjomba wangu chini ya duara, ila yeye hawezi kuivua. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wale mabingwa wa Marekani walikuwa wamegusa jambo kubwa kuliko walivyodhani. Lime alitolewa gizani na taa ya jirani kwa usiku mmoja. Alias anatolewa kila jua linapochomoza.

Niliiweka sinema hiyo katika orodha ya somo langu. Siku ya kuionyesha, binti mmoja mwenyeji wa Shinyanga alisimama kabla sijazima taa, akaomba ruhusa kutoka. Baadaye alikuja ofisini. Ana mdogo wake mwenye ualbino, na miaka ile walilala wote chumba kimoja, kabati limesukumwa mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "mimi sipingi somo. Lakini taharuki ni ya mtu aliyekata tiketi. Sisi hatukuwa tunangoja mwisho wa hadithi."

Nilimjibu kwamba mtengenezaji yule ameiweka kamera upande wa anayewindwa, wala hakuiweka machoni pa mwindaji hata tukapata raha ya kunyemelea. Na kwamba zipo sinema nyingi, za kwao na za kwetu, zinazofanya hilo la pili bila haya. Akaniachia nimalize.

"Sawa, Mwalimu. Lakini bado mnakaa mkitazama."

Jibu langu naliona ni la haki hata leo, na White Shadow imebaki katika orodha. Neno lake pia limebaki, maana halikuhusu mahali kamera ilipo, lilihusu muda. Taharuki ni kucheleweshwa. Mtengenezaji anajua jambo litakwishaje, na kila dakika anayoiongeza kabla ya kutuambia ni dakika ambayo mtu fulani katika hadithi anaendelea kuteseka ili sisi tuendelee kukaa vitini. Katika hadithi ya kubuni deni hilo ni dogo. Hadithi ikiwa na watu wake, ambao wangali hai na kabati lao lingali na alama za kusukumwa, deni linakua.

Billy Wilder, ambaye alijua kutengeneza taharuki kuliko wengi, alilifanya suala hilo kuwa hadithi kamili katika Ace in the Hole (1951). Mtu anafukiwa ndani ya pango huko New Mexico. Mkandarasi anasema kwamba akizishikiza kuta kwa magogo atamfikia katika muda mfupi. Mwandishi wa gazeti Chuck Tatum, anayechezwa na Kirk Douglas, anataka habari hiyo iuze magazeti kwa siku nyingi. Anapatana na mkuu wa polisi wa mahali hapo, mlima utobolewe kwa mashine kutoka kileleni, kazi ya karibu juma zima. Watu wanamiminika na magari, bembea zinafungwa, kiingilio kinapandishwa. Chini, katika mwanga hafifu, mtu yule anaisikia mashine ikigonga juu ya kichwa chake, mchana na usiku, na mgongo huo ndio sauti ya sinema nzima. Anakufa kabla haijamfikia. Watazamaji wa Marekani hawakuipenda; studio ikaibadilisha jina, isisaidie. Mimi naihesabu kuwa ndiyo sinema nyeusi kuliko zote, ingawa sehemu kubwa yake imepigwa chini ya jua kali la jangwani. Mchimbaji wa kwetu ataielewa upesi kuliko profesa: Tatum ni mtu aliyekataa matimba.

Tarehe 5 Oktoba 2015 watu sita walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, Kahama. Walikaa siku 41. Mmoja alifia chini. Watano walitolewa tarehe 15 Novemba, wakieleza kwamba walikula mizizi, mende na vyura. Mwezi Januari 2017 wengine 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ mkoani Geita, na wote wakatolewa hai. Habari hizo nilizisikia redioni kama watu wote, na nakumbuka namna mtangazaji alivyopumzika kidogo kabla ya kuitaja idadi ya waliopona. Ni pumziko la nusu nukta. Mtu aliyesomea jambo hili kama mimi hawezi kulisikia bila kulipima.

Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi zoezi la kupiga sinema fupi kwa simu zao, bila muziki, na kwa taa moja tu. Wengi walileta wezi na mapanga. Kijana mmoja wa Geita alileta dakika nne zilizopigwa usiku kwenye mdomo wa duara. Tunamwona mtu wa winchi, balbu iko nyuma yake, uso wake nusu umezama; kamba inateremka katika weusi wa shimo. Tunasikia winchi ikilalama na mtu wa winchi akipumua. Kutoka chini inakuja sauti ya mtu, maneno hayasikiki. Kamba inasimama. Anangoja, mkono juu ya mshikio, kichwa amekiinamisha kusikiliza, na simu haisogei wala haikati, mpaka darasani viti vikaanza kulia. Kisha kamba inavutwa mara mbili kutoka chini, naye anaanza kuizungusha winchi. Sinema inakwisha kabla hajatoka mtu.

Darasa likalipuka. Kila mmoja alitaka kujua alitoka au hakutoka. Yule binti wa Shinyanga, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, aliuliza swali jingine: ni nani aliyekuwa chini, na je, alijua kwamba anapigwa picha?

"Ni kaka yangu," kijana akajibu. "Ndiye aliyeniambia nisiikate."